Mbao za Bwana Punguza

Mzungu wa shamba la pareto kule juu ya Mweso, wafanyakazi wake walimwita Bwana Punguza, na kwa jina hilo hakuonewa. Ukimtajia bei ya kitu chochote, kiwe kuku au gari, jibu lake lilikuwa neno hilo moja, na mpishi wake aliapa kwamba hata sala ya kabla ya kula alikuwa anaipunguza. Basi mwaka ule wa hamsini na tano, alipoingiwa na hamu ya kwenda kuteleza juu ya theluji kama wafanyavyo matajiri wa kwao, kila mtu alijua kwamba safari hiyo haitakuwa ya meli wala ya treni.

Alikuwa amemwahidi mke wake. Madame alikuwa Ulaya kwa mama yake, na kabla hajaondoka aliambiwa kwamba mwaka huo watapata likizo ya milimani, ya baridi na theluji. Nauli ilipoulizwa, bwana akatoka jasho. Lakini asubuhi moja, amesimama uani na kikombe cha kahawa, aliutazama mlima Karisimbi kule mbali, akaona kichwa chake kimekuwa cheupe. Akaukodolea macho hadi jua lilipoufuta weupe wote na kahawa ikapoa mkononi. Theluji ya bure, na iko karibu hivi!

Mpango ukafanywa siku hiyohiyo. Mahema yangeazimwa. Sweta zingefumwa na wanawake wa shamba kwa sufu ya kondoo wa palepale. Mazoezi yangefanyika kwenye malisho ya ng'ombe, kwa sababu majani yenye umande huteleza karibu sawa na theluji na hayana mwenye kudai malipo. Na zile mbao za kuvaa miguuni, ambazo yeye aliziita ski na wafanyakazi wakaziita siki, angezichonga Kanyamibwa.

Kanyamibwa alikuwa seremala wa shamba, mtu wa familia ya siku nyingi katika milima ya Masisi, mwenye mkono mzuri na maringo ya kuutosha huo mkono. Alipoonyeshwa picha katika gazeti la kizungu, watu wawili wamesimama juu ya mbao ndefu zilizokunja pua, hakuuliza swali hata moja. Alichagua musave, mti unaokubali kupindwa bila kupasuka. Njia ya kupinda pua aliibuni mwenyewe. Alijaza maji ya moto ndani ya muvure, ule mtumbwi wa mti ambao watu hukamulia ndizi za kasiksi, pombe ya ndizi, akalaza vichwa vya mbao humo, akafunika kwa majani ya migomba, na vilipolainika akavipinda juu ya gogo na kuvifunga kamba. Baada ya hapo kazi ni kungoja. Mbao ikifunguliwa kabla ya kukauka kabisa itajifanya imekubali, na siku itakapokutana na maji itarudia unyoofu wake. Jambo hilo pale shambani alilijua Kanyamibwa peke yake, na alipenda sana kujua mambo peke yake.

Tatizo lilikuwa kipimo. Urefu wa mbao hizo ni mtu pamoja na mkono wake ulioinuliwa, na Madame hakuwapo apimwe.

"Bibi yako iko murefu sawa na Madame," Bwana Punguza akamwambia. "Pima yeye."

Ndivyo Pétronille alivyoingia katika habari hii. Alikuwa mke wa Kanyamibwa, mama wa mtoto mmoja, Agathe. Kwao ni Buleusa, Walikale, ambako Kanyamibwa alikwenda kupasua mbao msituni akarudi na mbao na mke. Alisimama katika karakana ameinua mkono, naye mumewe akapitisha kamba toka kisigino hadi kiganja.

"Papa Agathe," akamwambia, "muntu anapimwaka hivi akishakufa."

Kanyamibwa akacheka. Alikuwa na furaha siku ile, maana kazi kubwa ya bwana ilikuwa inapita katika mikono yake na mwili wa mke wake.

Siku ya kujaribu, shamba zima lilipanda malishoni. Kanyamibwa aliyezitengeneza mbao ndiye aliyevaa wa kwanza, akijua kwamba kitu alichokichonga mwenyewe hakiwezi kumvunjia heshima. Mbao zikaondoka bila kumngoja. Alianguka chali, akashuka mteremko kwa makalio, akasimamishwa na kinyesi cha ng'ombe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Akainuka, akajifuta, akasema mbao ziko sawa, mteremko ndio mbaya.

Aliyefuata alikuwa Hilaire. Huyu alikuwa mwindaji kijana aliyeajiriwa kuwalinda ng'ombe na chui, na kwao pia ni Buleusa. Mtu aliyezoea kukimbia juu ya magogo yenye utelezi, majani hayamsumbui. Alipinda magoti, akatanua mikono, akashuka hadi chini kabisa akiwa amesimama. Kisha akapanda na mbao begani, akamfikia Pétronille, akasema, "Dada, njo weye sasa. Mbao ni ya kipimo yako."

Pétronille akazivaa. Hilaire akamshika kiuno kidogo tu, hatua chache, akamwachia.

Na hapo ndipo Kanyamibwa alipoharibikiwa. Siyo kwa sababu ya kiuno, ingawa kiuno nacho alikiona. Ilikuwa kicheko. Pétronille nyumbani alicheka kwa kuziba mdomo na kiganja, kicheko cha mke wa watu. Hiki kilikuwa cha mdomo wazi, kikubwa, kikashuka mlima pamoja naye na kuendelea hata alipokwisha kusimama. Kanyamibwa hakuwahi kukisikia. Miaka mitano ya ndoa, na mke wake alikuwa na kitu kama hicho ndani yake, na hakumpa. Kama kilikuwa nyumbani siku zote, alikificha wapi? Na kama kilibaki Buleusa, basi Hilaire ndiye aliyekileta.

Tangu siku hiyo wivu ulimkaa kifuani kama kibanzi kilichoingia chini ya ukucha. Kila asubuhi, umande ukiwa bado, Bwana Punguza aliwataka Hilaire na Pétronille malishoni, ili Madame akifika akute mtu wa kumfundisha. Karakana ilikuwa chini ya malisho. Kanyamibwa alipiga randa huku amegeuza shingo. Hilaire na Pétronille wakizungumza, walizungumza kwa lugha ya kwao, ambayo yeye alijua maneno ya kununulia chakula tu. Hilaire alimwita Pétronille dada, naye Kanyamibwa aliitwa shemeji, na alilichukia neno hilo kuliko tusi, kwa sababu tusi angeweza kulijibu.

Akaanza kumwita mkewe. Mbao zikianza kushuka tu, yeye hutoka mlangoni na kupaza sauti: "Mama Agathe, mutoto analia!" Pétronille anavua mbao, anateremka mbio, anamkuta mtoto amelala. Kesho yake: "Mama Agathe, maharagi inaungua!" Maharage hata hayajachemka. Siku nyingine kuna mgeni, na mgeni hayupo. Mara za kwanza alikuja akihema. Baadaye alikuja polepole. Mwishowe akawa anamsikia, anampungia mkono, anateleza.

"Unaniitaka juu ya nini?" alimuuliza jikoni.

"Nilisikia mutoto."

"Hapana mutoto. Ni wivu. Hilaire iko na bibi yake Buleusa, Godelieve, na ni muntu wa kwetu. Unaona tunafanyaka nini pale? Tunaanguka."

"Na kucheka."

Pétronille akamtazama kwa mshangao. "Sasa, muntu anaangukaka bila kucheka?"

Kanyamibwa akachochea moto. Yeye alianguka bila kucheka.

Kisha Bwana Punguza akatangaza watu wa safari. Alikuwa amekwisha kupunguza. Kila mtu wa ziada ni chakula cha ziada, na chakula kinataka mchukuzi, na mchukuzi naye anakula. Kwa hiyo pamoja na wachukuzi wachache watakwenda wawili tu: Hilaire, atakayetangulia kuijaribu theluji, na Pétronille, atakayemshika Madame. Kanyamibwa akasema yeye ataenda kwa chakula chake mwenyewe. Bwana akamwambia kazi yake ya mbao imekwisha, abaki aezeke banda la kukaushia maua.

Angeweza kumkataza mkewe. Lakini nyumba waliyolala ilikuwa ya bwana, na karakana ya bwana, na zaidi ya hayo alijua Pétronille angemtazama tena kwa ule mshangao. "Nataka kuona ile kitu mweupe mara moja," alikuwa amesema, akilipima sweta lake jipya kifuani. "Nikirudi nitakuelezea." Kanyamibwa aliona jinsi atakavyoelezewa: usiku wa baridi, mahema mawili, moto, lugha ya Buleusa, na kicheko kile kikienda mlima mzima bila mtu wa kukiita.

Zilikuwa zimebaki mbao za mwisho kukauka, jozi ya Hilaire. Za bwana na za Madame zilikuwa tayari siku nyingi, na Pétronille alikuwa akifanyia mazoezi zile za Madame. Jozi ya Hilaire ilikuwa bado imefungwa juu ya gogo, mbichi, ina siku mbili tu tangu itoke kwenye muvure.

Jumapili watu walipokwenda misa, Kanyamibwa alisema tumbo linamkata. Aliwasikia wakiimba kule chini, akaingia karakana, akafungua kamba. Hakushika msumeno wala patasi. Alifungua kamba tu, akaziacha pua zinyooke kidogo zenyewe, kisha akazirudisha na kuzifunga tena ili macho ya mtu yasione kitu. Hakutaka Hilaire afe, Mungu alikuwa shahidi. Alitaka umande uziguse zile mbao, pua zishuke, zichome ardhi, naye Hilaire aanguke vibaya kidogo, ateguke mguu, abaki. Safari iende na mwingine, au isiende kabisa. Alijiambia kwamba kufungua kamba si dhambi. Akarudi kitandani kabla misa haijaisha.

Siku ya pili yake akazitoa zile mbao kwenye gogo, akamkabidhi Hilaire bila kumwambia kwamba ni mbichi. Siku hiyohiyo Madame akafika, mrefu kweli kama Pétronille, na asubuhi iliyofuata akataka kuona maajabu ya mumewe. Wote wakapanda malishoni. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, majani yalikuwa yameloa chapachapa. Kanyamibwa alibaki chini, mlangoni pa karakana, randa mkononi, akijifanya anainoa.

Alimwona Madame akivaa mbao za Madame, ndivyo ilivyostahili. Alimwona Hilaire ameshika zile mpya na kuziweka chini kwenye majani. Kisha Bwana Punguza akasema jambo akionyesha kwa kidole, na Madame akaitikia kwa kichwa, na Hilaire akacheka akarudi nyuma. Aliyesogea mbele na kuingiza miguu katika mbao mpya alikuwa Pétronille. Madame alitaka mwanamke amtangulie, ili amwone vizuri anavyofanya.

Randa ikamtoka mkononi.

"Mama Agathe!" akaita. "Shuka!"

Pétronille akageuka, akamwona. Akampungia mkono.

"Usiteleze! Vua hiyo mbao! Pétronille!"

Wafanyakazi waliokuwa kando ya ua wakaanza kuchekeana. Walikuwa wamekwisha kuizoea sauti ile. "Leo ni maharagi ao ni mugeni?" mmoja akauliza. Kanyamibwa akaanza kukimbia kupanda mteremko, akiteleza, akishika majani kwa mikono, huku akiita, na angeweza kupaza sababu. Maneno machache tu: mbao hizo ni mbichi, mimi nilifungua kamba. Yalimfika ulimini. Lakini Hilaire alikuwa amesimama pale, na bwana, na Madame, na shamba zima, na Kanyamibwa akaita jina tu.

Pétronille akapinda magoti akashuka.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kicheko kikatoka. Kikamjia Kanyamibwa moja kwa moja, mdomo wazi, macho yakimtazama yeye, kwa mara ya kwanza yeye peke yake. Kisha pua ya mbao ya kulia ikachoma ardhi. Alirushwa mbele, akaanguka na mguu umebaki nyuma, na sauti ya mfupa Kanyamibwa aliisikia mahali alipokuwa.

Mguu ulivunjika mahali pawili chini ya goti. Mganga aliunyoosha, akataka mbao za kuufungia, na seremala wa shamba ndiye aliyezichonga, laini sana, bila kibanzi hata kimoja. Jioni ile Hilaire alikuja karakana na zile mbao mpya, akaziweka juu ya meza. Pua zilikuwa zimelala kabisa. Akapitisha kidole mahali kamba ilipokuwa, pana alama mbili, ya kwanza na ya pili pembeni yake. Watu wa kwao hupinda pinde, na huijua kamba iliyofungwa mara mbili.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "hii mbao ilikuwa ya nani?"

Kanyamibwa akashika ufagio, akaanza kufagia maranda. Hilaire akangoja, kisha akatoka. Baada ya muda Kanyamibwa akazipasua kuni.

Bwana Punguza hakuvunja safari, maana wachukuzi walikuwa wamekwisha kulipwa nusu. Walikwenda bila Pétronille na mahali pake hakumweka mtu. Waliporudi, wachukuzi walisimulia kwamba theluji ilikuwa nyembamba kama unga uliomwagika, bwana akateleza juu ya mawe, na Madame alikataa kutoka ndani ya hema. Habari hiyo ilizunguka Mweso wiki nzima na ingemfurahisha mtu yeyote.

Hilaire alikuja kuaga. Alikuwa anarudi Buleusa kwa mke wake, akasema ameichoka kazi ya hapa. Mkononi alikuwa na chupa ya maji. Alimkuta Pétronille ameketi nje juu ya mkeka, mguu umenyooshwa, Kanyamibwa kando yake akichonga mkongojo. Majirani wawili, Mukandori na Nyirabagenzi, walikuwa wamekuja kumjulia hali.

"Dada, ile kitu mweupe njo hii," Hilaire akasema. "Ilikufia mu njia. Imebaki maji."

Pétronille akaipokea chupa, akamimina kidogo kiganjani, akajipaka usoni. Kanyamibwa akajikaza kungoja kicheko. Hakikuja. Alitabasamu, akaziba mdomo na kiganja.

"Kama ningemusikia bwana yangu, Papa Agathe, ningeenda na mguu yangu," akasema. Kisha akawageukia majirani kuwaeleza, ingawa walikuwa wamekwisha kuelezwa. "Ile siku aliniita. Alikimbia mpaka analia jina yangu. Nilisikia muzuri kabisa, lakini niliwaza ni wivu yake, sawa siku zote. Kumbe moyo yake ilishaona. Kuko bwana wangapi wenye moyo sawa hiyo?"

"Hakuna," akasema Mukandori, na Nyirabagenzi akatikisa kichwa kwa kukubali.

Pétronille akamtazama Hilaire. "Shemeji yako alijua."

Kisu cha Kanyamibwa kikasimama juu ya mti. Hilaire alimwangalia Kanyamibwa, si kwa hasira.

"Njo vile, dada," akasema. "Alijua." Akawaaga wote, akampa kila mmoja mkono, Kanyamibwa naye pia, akashika njia ya Walikale.

Majirani walipoondoka, Pétronille akamsogelea mumewe, akaweka kichwa begani mwake, jambo ambalo katika miaka mitano hakuwahi kulifanya nje ya nyumba. "Unisamehe, Papa Agathe," akasema. "Tangu leo ukiniita mara moja, nitakuja."

Na alitimiza. Mguu ulipona umepinda, akawa anachechemea, lakini akiitwa tu alikuja na mkongojo wake hata kama ni maharage. Kanyamibwa alikuwa amepata yote aliyoyataka. Mke alikuwa nyumbani, mwindaji amekwenda zake, malisho yamerudi kwa ng'ombe. Kila jioni Pétronille alimsimulia mgeni yeyote habari za mume aliyesimama chini ya mlima akaona kwa moyo, akakimbia akimlilia mke wake, na uso wake ulikuwa mwororo alipomtaja mume huyo. Kanyamibwa aliketi hapohapo, akimsikiliza mke wake akimpenda mwanamume mwingine. Alimchukia mtu yule. Alimwonea wivu kuliko alivyowahi kumwonea Hilaire, na huyu hakuwa na mbao ambazo mtu angeweza kuzifungua kamba.